Dakika ishirini kabla ya kipenga

Ainabkoi, hapa Uasin Gishu, inasifika kwa miguu. Kaptagat, iliyo ndani ya eneo bunge hili, ndiko Eliud Kipchoge alikojinoa kwa miaka mingi, na wakimbiaji wa huko hutenga muda wa kuimarisha kiuno, mapaja na vifundo. Timu za kandanda za shule zetu, kwa kawaida, huzunguka uwanja mara mbili, zikanyoosha misuli kidogo, na mpira ukaanza. Mtoto akiteguka goti, tunasema ni bahati mbaya. Msemo huo umetudanganya vya kutosha. Sehemu kubwa ya bahati hiyo watafiti wamekwisha kuipima, na kinga yake haihitaji kifaa cha kununuliwa.

Kituo cha utafiti wa tiba cha FIFA, kwa kushirikiana na wataalamu wa Oslo, kilitunga mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+: kukimbia polepole, kisha mazoezi ya nguvu na mizani, kisha kukimbia kwa kasi na kubadili mwelekeo. Yanachukua dakika ishirini hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wasichana 1,892 wa Norwei wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Katika timu zilizoyafanya, majeraha kwa jumla yalipungua kwa takribani theluthi moja, na yale mabaya kwa karibu nusu. Siri haina maajabu: mchezaji hujifunza kutua magoti yakiwa yamekunjwa, yasiangukie ndani, na msuli wa nyuma ya paja huwa imara kabla ya kudaiwa mbio za ghafla.

Atakayesema hayo ni ya Wazungu wenye viwanja laini, na atazame Lagos. Huko vijana 416 wa ligi ya chipukizi walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, na waliotumia 11+ walipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Kwamba viwanja vyetu vina mashimo ni kweli, na kaunti haina udhuru wa kutovisawazisha; lakini mwenye mizani dhaifu ndiye anayeumizwa zaidi na shimo. Hoja ya muda ina uzito kidogo, kwa kuwa mwalimu wa michezo ana saa moja tu baada ya masomo. Hata hivyo, mazoezi haya huchukua nafasi ya ule mzunguko wa uwanja, na siku ya mechi sehemu ya katikati huachwa. Kinachoyaua ni uvivu wa kuyafanya leo na kuyaruka wiki ijayo, maana waliofaidika zaidi ni walioyashikilia.

Kwa hiyo semina ya walimu wa michezo wa Uasin Gishu ifanyike kabla ya mashindano ya muhula wa pili. Chuo Kikuu cha Moi kina shule ya tiba hapa Eldoret. Wanafunzi wake waweke daftari la majeraha katika kila shule, ili msimu ujao tubishane kwa takwimu zetu wenyewe.