Salamu za Waandishi Zifikapo Kibaigwa
Jioni, soko la mahindi la Kibaigwa lipungukiwapo na kelele za wachukuzi, na vumbi likishatulia juu ya magunia yaliyoshonwa midomo, mimi huegemea gunia moja, nikafungua simu, nikapokea habari za masahibu wangu waandishi wa hadithi waliotawanyika toka Unguja hata Mombasa: nani kamaliza riwaya, nani kakataliwa mswada, na lini mwisho wa kupeleka kazi kwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere. Habari ya Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2022, ilinifikia kwa njia hiyo hiyo.

Neema hii siibezi. Lakini Shaaban Robert, aliyepata kutumikia idara ya mifugo huko Mpwapwa, kwa jirani zetu, alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua zilizosafiri kwa posta, na juu ya uzito wa safari hiyo zikajaa fikira. Ilhali sisi, ambao jawabu hutufikia kabla chai haijapoa, aghalabu hupeana hongera tu. Nimtumiapo mwenzangu sura ya kwanza, haja yangu ni anambie, bila ya muhali, ni wapi usingizi ulipomchukua.