Maji ya Mwisho Msituni

Jumamosi tuliwapeleka watoto msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi, binti yetu apate kumpiga picha sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu. Sange alitoroka, gari nalo likachemka. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka.

Tuliufunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kifuniko hatukukigusa mpaka injini ilipopoa, kwani mvuke wake huunguza uso. Kutoka kwa miguu kutafuta msaada hatukuthubutu. Msitu ule una ndovu.

Yalibaki maji ya dumu moja, lita 5, na adhuhuri imeshaingia. Sisi, tuliosomesha mlango wa twahara miaka mingi, tukanyoosha mkono tutawadhe. Mama watoto akalizuia dumu: "Sheikh, na watoto watakunywa nini?"

Tuliona haya. Kwamba kiu hutangulia udhu twalijua tangu chuoni. Tukatayamamu kwa udongo mwekundu wenye vumbi, maana mchanga mweupe usio na vumbi hautoshi katika madhehebu yetu ya Shafi. Watoto wakanywa, yaliyosalia yakaingia rejeta, na alasiri tukafika barabarani.

Binti alirudi na picha moja tu: dumu tupu juu ya boneti.