Bonny imepitiwa haraka mno

Mwandishi, katika makala yako safari ya Victor Banjo, kamanda wa Biafra, umeieleza vizuri, ila Bonny umeipa sentensi moja tu, na hapo sikubaliani nawe. Kila anayesimulia miezi ya mwanzo ya vita vya Biafra na Nigeria huvutwa na Agosti 9, 1967, siku Wabiafra chini ya Banjo walipovuka Mto Niger wakaitwaa Benin City. Kisa kitamu, sikatai. Lakini walikwama katika mji wa Ore, na Septemba kikosi cha serikali cha Murtala Mohammed kikaikomboa Benin City. Banjo mwenyewe aliuawa na wakubwa zake kwa kosa la uhaini.

Wiki mbili kabla ya mbwembwe hizo, mwishoni mwa Julai, jeshi la serikali ya Nigeria lilikuwa limeshateremka Bonny kutoka baharini. Huko ndiko mafuta ya Shell-BP yalikopakiwa melini, na huko ndiko meli za Port Harcourt zilikopitia. Aliyeishika Bonny aliishika Biafra kooni: mafuta hayatoki, chakula na silaha haviingii kwa meli. Njaa ya Biafra ya 1968 ina mizizi hapo, si Ore. Nyerere alipoitambua Biafra Aprili 1968, Enugu, mji mkuu wake, ilikuwa imeanguka tangu Oktoba 1967 na bahari imefungwa karibu yote.

Na mji wa Asaba, kando ya Mto Niger, je? Oktoba hiyohiyo wanajeshi wa serikali waliokuwa wakiwasukuma Wabiafra warudi ng'ambo ya mto waliwaua mamia ya raia pale, wengi wao wanaume na vijana. Makala nzima kuhusu matokeo ya vita hivyo, na jina hilo halimo?