Samaki wa Dhahabu Uani: Afugaye Samaki Hufuga Maji

Katika mtaa wa Kizingo, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, nyumba yenye ua na mti wa kivuli ni neema kubwa, na mwenye neema hiyo huenda akatamani kuipamba kwa kidimbwi cha samaki wa dhahabu. Ni pambo zuri. Mtu arudipo kazini jioni, akaketi kando ya maji na kutazama mapezi mekundu yakipita chini ya majani ya yungiyungi, huona uchovu wake umepungua. Lakini mara nyingi furaha hiyo haidumu. Samaki sita hununuliwa mwanzo wa mwezi. Mwezi uishapo amebaki mmoja tu, naye yu juu ya maji akitweta. Hapo husemwa kwamba muuzaji aliuza samaki wagonjwa, au kwamba wamepatwa na kijicho cha watu. Aghalabu sababu ni nyingine: maji yenyewe yameharibika. Atakaye kufuga samaki hana budi kwanza ajifunze kufuga maji.

Jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Katika nyumba za mawe za kale za Lamu, samaki wadogo walitiwa katika birika la maji ili wale viluwiluwi vya mbu. Bakuli la kaure lilitiliwa katika sakafu ya birika, ili maji yapunguapo samaki wabaki na mahali pa kujihifadhi. Wazee hao walijua kwamba samaki ni mtumishi wa nyumba, na kwamba mtumishi naye ana haki yake.

Samaki wa dhahabu asili yake ni China, ambako watu walianza kumfuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Yeye ni wa jamaa ya samaki wa mito na maziwa ya nchi zenye baridi, na maji yampendezayo zaidi ni yale ya digrii 18 hadi 24 za sentigredi. Mombasa, hasa wakati wa kaskazi, joto la mchana hupita digrii 30. Kwa hiyo samaki huyu ni mgeni aliyeletwa mbali na kwao, na mwenyeji wake hana budi kumpunguzia taabu.

Taabu ya kwanza ni ya pumzi. Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka katika maji, na maji ya moto hayawezi kuichukua nyingi. Lita moja ya maji baridi ya digrii 20 huweza kuwa na miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika digrii 30 huweza kuwa na 7 na nusu tu. Usiku mimea ya majini nayo huvuta oksijeni hiyo hiyo, ndiyo maana saa ya hatari kupita zote ni alfajiri. Mwenye kidimbwi na atoke uani kabla ya jua kuchomoza. Akiona samaki wamejipanga juu, vinywa wazi, wakigugumia hewa, ajue wamekosa pumzi. Na atie maji safi taratibu, akiyamimina kutoka juu ili yatibuke na kuchukua hewa. Pampu ndogo irushayo maji kama chemchemi hufanya kazi hiyo mchana na usiku.

Kidimbwi chenyewe kisiwe kifupi kama beseni. Kina cha sentimita 60 ndicho cha chini kabisa, kwa sababu maji machache hupata moto upesi. Kivuli cha mwembe au cha paa la makuti wakati wa adhuhuri ni bora kuliko dawa yoyote, ila majani yanayoanguka yaondolewe kila siku kabla hayajaoza. Yungiyungi likifunika nusu ya maji yatosha. Saruji mpya ina chokaa kali iwezayo kuua samaki. Kidimbwi kijazwe maji, kiachwe siku kadhaa, kimwagwe, kijazwe tena, na kazi hiyo irudiwe kwa muda wa majuma matatu au manne.

Idadi ya samaki ihesabiwe kwa maji, wala si kwa tamaa. Kidimbwi chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 60 huchukua lita 1,200. Kila samaki mmoja akipewa lita 100, hapo pana nafasi ya samaki 12 na si zaidi. Tena wasitiwe wote kwa siku moja. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia kwa mashavu yake, nayo ni sumu kwake. Wako bakteria wazuri wanaoigeuza sumu hiyo isidhuru, lakini huchukua majuma manne hadi sita kuenea katika kidimbwi kipya. Basi waanze samaki wawili au watatu, na wenzao wafuate baadaye. Yafaa ikumbukwe pia kwamba amonia huzidi ukali katika maji ya moto yenye chokaa, na maji ya namna hiyo ndiyo tuyajuayo pwani.

Sasa tuyatazame maji ya mji. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Maji yake ya bomba hutoka bara, kutoka Marere katika milima ya Shimba, Baricho kando ya mto Sabaki, na chemchemi za Mzima huko Tsavo, ambazo bomba lake lilijengwa katika miaka ya 1950. Maji hayo hutiwa klorini ili yasidhuru wanadamu, lakini klorini huunguza mashavu ya samaki. Dawa yake ni rahisi: maji yatiwe katika pipa lililo wazi, yakae siku moja au mbili, na klorini itatoka yenyewe. Pipa hilo lifunikwe kwa kitambaa chepesi ili mbu wasitage mayai humo.

Siku ambazo bomba ni kavu, watu hununua maji ya mikokoteni au huteka kisimani. Hapa ndipo wengi hupotea. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Kidimbwi kikipungua kwa jua, maji ndiyo yaliyokauka. Chumvi haikukauka, imebaki. Mwenye nyumba akiongeza maji ya kisima juu yake, ameongeza chumvi juu ya chumvi, na kila juma mzigo wa samaki huzidi kuwa mzito. Kwa hiyo maji yanayoonjeka chumvi yasitiwe kabisa. Na kuongeza maji si sawa na kubadilisha maji. Kila juma itekwe sehemu moja katika nne kutoka chini kwa mpira, pamoja na tope lililotuama, kisha yatiwe maji yaliyolazwa pipani. Maji hayo machafu yasitupwe, kwani ni mbolea nzuri kwa mipapai na mboga.

Juu ya chakula, huruma isiyo na kipimo huua samaki wengi kuliko njaa. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuwekea chakula kama mwanadamu. Chakula hupita moja kwa moja katika matumbo yake. Apewe kidogo, mara mbili kwa siku, kile awezacho kukimaliza kwa dakika mbili au tatu. Mkate, wali na ugali huchacha majini na kuyaharibu. Watoto wa nyumbani wafundishwe hivyo, maana kila mmoja hupenda kulisha, na samaki haachi kuomba.

Samaki mpya asichanganywe na wenzake siku ile ile. Mfuko aliomo uelee majini robo saa ili joto lilingane, kisha akae katika beseni kubwa la peke yake kwa majuma mawili au matatu. Akitokwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi, ana ugonjwa wa vidoa, ambao katika maji yetu ya moto huenea kwa siku chache. Atibiwe kwa chumvi ya jikoni isiyochanganywa na kitu kingine, gramu 3 kwa kila lita, iyeyushwe kwanza na kutiwa polepole ndani ya siku mbili, humo humo beseni, kwani chumvi hiyo ingeua yungiyungi.

Uko pia msiba uletwao na nia njema. Dawa za kunyunyiza za kuua mbu, hata zile za pareto ambayo Kenya ilijulikana nayo ulimwenguni, ni sumu kali kwa samaki. Nyumba inaponyunyizwa, kidimbwi kifunikwe vizuri na pampu izimwe mpaka harufu iishe. Wavu uliotandazwa juu utawazuia paka na korongo.

Yote haya si kwa ajili ya pambo tu. Kidimbwi chenye samaki wazima hakiachi viluwiluwi vya mbu kukua. Lakini samaki wakifa na maji yakabaki, mwenye nyumba amewajengea mbu kitalu, nao katika hali ya hewa ya Mombasa hutoka katika yai hadi kuruka kwa muda wa juma moja hivi au siku kumi. Homa ya chikungunya, ambayo jina lake ni la Kimakonde na ilitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953, iliingia Lamu na Mombasa mwaka 2004, ikarudi Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017. Homa ya dengi nayo imeutesa mji huu zaidi ya mara moja. Mbu waenezao homa hizo hawaulizi ukuta wa nani ni upi. Mtu akishindwa na samaki wake, na akaushe kidimbwi siku ile ile. Na samaki waliobaki awape mfugaji mwingine, asiwatupe mtoni wala bwawani, ambako wataweza kuzaliana na kuwasumbua samaki wa asili.

Hivyo kazi ya mfugaji ni ndogo lakini haina likizo: alfajiri kutazama pumzi, asubuhi kuokota majani, kulisha kwa kiasi, na kila juma kubadilisha robo ya maji. Asiyeweza dakika kumi kwa siku na apande maua. Awezaye atawaona samaki wake wakiishi miaka kumi na zaidi, na jirani zake watalala bila kusikia mlio wa mbu waliotoka uani kwake.