Upanga wa 1796 Haukuwa Chuma Butu

Nimesoma makala inayodai kwamba upanga wa wapanda farasi wazito wa Uingereza, ule wa mwaka 1796, ulikuwa panga la mchinja nyama lililoundwa bila kufikiri. Nakataa katakata. Ulifuata mfano wa Austria: ubapa mnyoofu wa karibu sentimita 89, makali upande mmoja, ncha iliyokatwa kama shoka. Uliundwa ukate. Askari aliye juu ya farasi anayekwenda mbio huongezewa nguvu na mwendo wenyewe, na pigo la kutoka juu halihitaji ncha iliyochongoka.

Ni kweli Wafaransa walipendelea kuchoma, na panga za wapanda farasi wao wazito zilikuwa ndefu zaidi. Lakini mwandishi ameruka jambo kubwa: kabla ya vita vya Waterloo, 1815, ncha nyingi za Waingereza zilisagwa zikachongoka, upanga uleule ukaweza kukata na kuchoma. Siku hiyo Sajini Charles Ewart, akipigania nembo ya tai ya Wafaransa aliyoinyakua, alikinga mkuki kwa upanga wake, akamkata mwenye mkuki kuanzia kidevuni kwenda juu. Chuma butu hakifanyi hivyo.