Kichwa cha 3,000

Ndugu Mhariri,

Nina saluni ya kiume Mbagala, viti viwili. Watu wakiona foleni ya Jumamosi husema nachota hela. Wangekuja Jumanne saa nane mchana, watukute tunatazama marudio ya mpira!

Kichwa kimoja ni shilingi 3,000, na kijana anayenyoa anachukua nusu. Katika 1,500 yangu toa umeme, spiriti, nyembe, poda na kodi ya fremu, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Mashine ikianguka sakafuni mara moja tu, meno yanaanza kung'ata wateja, na faida ya wiki imekwenda.

Kupandisha bei? Nilijaribu 4,000. Mteja wangu wa siku nyingi akajitazama kwenye kioo, akapapasa kidevu: "Kaka, leo nitoe ndevu tu."

Wanaonimaliza hasa ni wale wa "nitakurushia jioni". Muuza sukari aweza kudai sukari yake. Mimi nidai nywele? Sasa nimebandika karatasi mlangoni: lipa kwanza, ndipo ukae. Wawili wamenuna, wamehamia kwa jirani. Wakakope huko.

Kinyozi,
Mbagala, Dar es Salaam