Mwalimu Asiachiwe Chaki Peke Yake

Mwezi Februari mwaka 2018 picha za mwalimu wa shule moja ya kijiji nchini Ghana zilienea ulimwenguni. Mwalimu huyo, Ndugu Richard Appiah Akoto, alikuwa akifundisha somo la teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, katika shule iliyoko Sekyedomase, mkoani Ashanti. Shule haikuwa na kompyuta ya kufundishia. Basi alichukua chaki za rangi, akachora ubaoni ukurasa mzima wa programu ya Microsoft Word kama unavyoonekana katika kioo cha mashine: vitufe vyake, orodha zake za amri, na nafasi nyeupe ya kuandikia. Wanafunzi wakaunakili mchoro huo katika madaftari yao, kama vile wanafunzi wengine wanavyonakili ramani ya Afrika.

Dunia ilishangilia. Mwezi uliofuata kampuni ya Microsoft ilimwalika mwalimu huyo katika mkutano wa walimu huko Singapore, na wafadhili wakapeleka kompyuta shuleni kwake. Hayo yote ni mema, na Ndugu Akoto alistahili heshima aliyopewa. Lakini katika shangwe zile lipo swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha. Shule ile haikuwa na kompyuta tangu mwaka 2011, na watoto wale walitakiwa kufanya mtihani wa taifa wa somo hilo hilo, karatasi ile ile aliyopewa mtoto wa Accra ambaye huenda anagusa mashine nyumbani kwao kila jioni. Ofisi moja iliandika somo katika muhtasari. Ofisi nyingine ikatunga mtihani. Ya kupeleka mashine haikuonekana. Pengo lililobaki akaachiwa mtu mmoja, naye akaliziba kwa chaki.

Hapana shaka wapo watumishi wa umma ambao wakisoma habari hiyo watasema: huyo ndiye mwalimu wa kweli, na walimu wa hapa nao waige mfano wake. Kauli hiyo inapendeza masikioni, lakini ndani yake mna hatari. Mchoro wa ubaoni unaweza kumfundisha mtoto majina ya sehemu za kompyuta. Hauwezi kuufundisha mkono wake. Hauwezi kumwonyesha namna ya kurekebisha kosa bila kuanza upya, wala namna ya kuhifadhi kazi na kuitafuta siku ya pili. Mtoto aliyechorewa baiskeli atataja kanyagio na mnyororo bila kukosea, na siku akipanda ataanguka. Mwalimu mwenyewe analijua hilo kuliko mtu yeyote. Alichora kwa sababu hakuwa na njia nyingine, na juhudi ya mtu aliyenyimwa njia haifai kugeuzwa kuwa mpango wa elimu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao unafundisha jambo lingine. Mwezi Machi mwaka 2019, huko Dubai, Ndugu Peter Tabichi wa Kenya alipewa Tuzo ya Mwalimu Bora wa Dunia, yenye thamani ya dola milioni moja za Marekani. Alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, katika kaunti ya Nakuru, shule ambayo wengi wa wanafunzi wake walitoka katika familia maskini na ambayo mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 58. Kompyuta ilikuwa moja, na mtandao wa intaneti ulikuwa hafifu. Ndugu Tabichi alikuwa akienda katika vibanda vya intaneti, anapakua mafunzo yanayofaa, kisha anayatumia darasani bila kuhitaji mtandao. Aliimarisha klabu ya sayansi, na wanafunzi wake wakabuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu.

Kinachofaa kutazamwa hapo ni ile safari ya kibandani kuliko mashine yenyewe. Kazi ya kompyuta ile moja ilianza kabla kipindi hakijaanza, pale mwalimu alipokaa akachagua lipi linafaa kwa somo la kesho na lipi ni upuuzi wa kupoteza wakati. Kifaa kimoja chenye mwalimu aliyejiandaa kiliwafaa wanafunzi kuliko ambavyo vifaa mia visivyo na mtu wa namna hiyo vingeweza kuwafaa. Lakini yafaa ikumbukwe pia kwamba mtu huyo alijulikana kwa kutoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wengine. Yeye ni mtawa wa shirika la Wafransisko. Hana mke wala watoto wa kulisha. Mwalimu wa kawaida, mwenye kodi ya nyumba na karo za watoto, hawezi kudaiwa sadaka ya kiasi hicho, na Serikali yoyote inayojiheshimu haipangi elimu yake kwa kutegemea mifuko ya watawa.

Wapo wengine wanaodhani kwamba dawa ni kununua vifaa kwa wingi na kuvigawa haraka, mbele ya kamera. Peru ilifanya hivyo. Nchi hiyo iligawa kompyuta ndogo zaidi ya milioni moja kwa wanafunzi, lakini kwa kuwa hazikuunganishwa na ufundishaji wenyewe, watoto hawakujifunza zaidi ya walivyokuwa wakijifunza zamani. Shirika la UNESCO liliutaja mfano huo katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu. Fedha za wananchi wa Peru zilinunua mashine. Ujuzi haukuja nazo.

Wala Tanzania haina haja ya kusafiri hadi Peru kutafuta somo hilo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuingiza hesabu za Serikali katika mashine haukufanikiwa, kwani wataalamu wazalendo wa kuiendesha hawakuwapo, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Vijana wa leo huicheka amri hiyo. Kucheka ni rahisi. Lakini chanzo cha amri ile, yaani kuleta chombo kabla ya kumwandaa mtu wa kukitumia, bado kinaishi katika ofisi nyingi, tena kimevaa suti mpya.

Mwaka mmoja tu kabla ya marufuku hiyo, nchi ilikuwa imetoa mfano wa kinyume chake, nao unastahili kusomwa upya na kila afisa elimu. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo chake kikuu kilikuwa redio, ambayo kwa vijiji vya wakati ule ilikuwa teknolojia mpya kama kishikwambi kilivyo leo. Wakubwa wangeweza kutangaza vipindi na kuyahesabu matangazo hayo kuwa ndiyo mafanikio. Hawakufanya hivyo. Kabla kipindi cha kwanza hakijasikika hewani, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa namna ya kuongoza majadiliano. Vitabu viliandikwa kwa Kiswahili chepesi kwa ajili ya watu waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba zao. Redio ilisema kwa muda mfupi tu. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mtu aliyekaa na kikundi chake chini ya mwembe, akiwa ameandaliwa kwa kazi hiyo.

Sasa itazamwe hali ya leo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, hatua ambayo ilikuwa ya busara, kwani mali ya umma iliyokwisha kununuliwa haikuachwa ioze ghalani. Mitaala mipya ilianza kutumika mwaka 2024, nayo inasisitiza stadi na umahiri kuliko kukariri. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao. Misingi, basi, ipo. Lakini kishikwambi kimoja hakiwezi kuonwa na watoto themanini waliobanana darasani, na mahali pasipo na projekta wala umeme wa kuaminika kitabaki kuwa chombo cha mwalimu kujisomea, si cha kufundishia. Tena kikifungiwa katika kabati kwa hofu ya wezi, au kikitolewa tu wakati ofisi ya wilaya inapotaka takwimu, hicho si kifaa cha elimu tena, bali kimekuwa karani mwingine wa kujaza fomu.

Na bando hulipiwa na nani? Swali hili huonekana dogo mbele ya maafisa wanaotumia mtandao wa ofisi, lakini kwa mwalimu wa shule iliyo mbali na mji ndilo linaloamua kama maktaba mtandao ni maktaba kweli au ni jina tu. Dereva wa gari la Serikali hatakiwi kununua mafuta kwa mshahara wake. Haieleweki kwa nini mwalimu atakiwe kununua mafuta ya chombo alichopewa na Serikali hiyo hiyo.

Kuhusu mafunzo, utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, una sura inayofanana sana na vikundi vya mwaka 1973: walimu wa shule moja hukutana, mmoja huonyesha alivyofundisha mada ngumu, wenzake humkosoa na kumwongezea. Hapo ndipo mahali pa TEHAMA. Semina ya siku mbili katika ukumbi wa mji, yenye mgeni rasmi na posho, haiwezi kumfanya mwalimu wa jiografia ajue wakati gani picha ya setilaiti inasaidia somo na wakati gani ramani ya ukutani inatosha. Jambo hilo hujulikana kwa kujaribu juma baada ya juma, mbele ya mwenzake anayefundisha watoto wale wale.

Walimu nao wana sehemu yao, na hapana sababu ya kuificha. Wapo ambao hukiogopa kifaa kwa kuwa mwanafunzi anakijua zaidi yao, wakaona heri kukipiga vita kuliko kuaibika. Woga huo hauna msingi. Kijana anayebonyeza upesi hajui kwa hiyo kupambanua habari ya kweli na ya uongo, wala hajui kwamba jibu alilopewa na programu ya akili mnemba kwa lugha laini linaweza kuwa limekosewa toka mwanzo hadi mwisho. Kumfundisha kuuliza, kulinganisha na kutilia shaka ni kazi ya zamani ya ualimu, na mashine imeiongezea uzito. Mwalimu mwenye miaka 25 kazini anaijua kazi hiyo kuliko kijana yeyote mwenye simu mpya.

Kwa hiyo halmashauri zinapoandaa bajeti zao, gharama za bando, za matengenezo na za umeme wa jua kwa shule zilizo nje ya gridi zionekane katika mafungu kwa majina yake, si kufichwa chini ya neno “mengineyo” ambalo hukatwa kwanza fedha zinapopungua. Jumuiya za kujifunza za walimu zipewe saa zake katika ratiba ya shule, zisiachiwe jioni ambapo mwalimu amechoka. Na somo lolote linalohitaji mashine lisitungiwe mtihani katika shule ambayo mashine haijafika. Ofisi inayotaka kulitahini ithibitishe kwanza kwa maandishi, shule kwa shule, kwamba vifaa vipo na vinafanya kazi, na afisa aliyeweka sahihi ajulikane kwa jina na cheo chake.